Dakika Niliyoifuta Mbotela

Kabla hujawasha mashine yoyote, tia mikono mfukoni. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyowaambia nyinyi vijana mnaokuja hapa kwangu Buruburu kuniuliza habari za sinema za zamani, huku simu zenu zikinirekodi na mimi sijui hata mmezibonyeza saa ngapi. Mikono mfukoni, macho kwenye mashine. Anza kushoto, malizia kulia. Usiguse kitu mpaka umeona kila kitu. Mzee Kilonzo, aliyenifunza kazi ya kuonyesha filamu, alikuwa akinipiga konzi nikitoa mkono mapema, na nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto. Alipostaafu nikajiambia konzi zimekwisha. Mwaka uliofuata nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka najipiga konzi mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha gari la sinema. Tulizunguka mitaa ya Eastlands, hapa hapa Nairobi, na mashine ya filamu, turubai jeupe na spika mbili, tukiwaonyesha watu filamu za usafi, za chanjo, za kuchemsha maji. Makosa madogo nilifanya mengi. Kuna filamu moja ya kipindupindu iliyokuja imezungushwa kwenye magurudumu mawili, nami nikatangulia kuonyesha la pili. Mgonjwa akapona, akaagana na daktari, akarudi nyumbani, halafu akaenda kunywa maji ya mtaro na kuanza kuugua. Watu wa mtaa wa Mbotela hawakunisamehe. Kwa miezi kadhaa nikishuka garini nilikuwa naulizwa, "Baba Nafula, leo tunaanza na kuugua ama kupona?"

Hayo yalikuwa makosa ya kuchekwa. Hili ninalowasimulia halikuwa la kuchekwa hata kidogo.

Lazima kwanza mwelewe mashine. Filamu zetu nyingi zilikuja na maneno ya Kiingereza, na watu walikuwa wanalala. Ofisi ikatuletea mashine mpya iliyoweza kurekodi. Pembeni mwa filamu ya aina hiyo kuna ukanda mwembamba wa rangi ya kahawia, kama ule wa kaseti, na sauti inakaa humo. Unacheza filamu, unabonyeza kitufe chekundu, unasoma maneno yako ya Kiswahili kwenye maikrofoni, na mashine inafuta sauti ya zamani na kuweka yako papo hapo. Walioitengeneza walijua binadamu ni nani. Waliweka kizuizi: lazima ushikilie kitufe kile kwa kidole muda wote, ukiachia tu, kinaruka juu, kurekodi kunakoma. Sasa mimi mkono mmoja ulikuwa na maikrofoni, wa pili umeshika karatasi. Nikachukua njiti ya kiberiti, nikaichomeka ubavuni mwa kitufe. Kikabaki chini chenyewe. Nilijiona fundi kuliko waliounda mashine.

Basi mwanzoni mwa miaka ya themanini wakaja wageni wawili kutoka Uchina. Hawakutoka miji mikubwa. Walitoka milima ya mkoa wa Guizhou, mbali kabisa ndani, kwa watu wanaoitwa Wadong. Walikuja kuonyesha filamu ya nyumbani kwao na kuimba, na ofisi ikaamua kwamba Eastlands wangekuja mara moja tu, Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa Mbotela. Jioni hiyo hiyo wangeondoka nchini.

Mmoja alikuwa Bi Lan, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, amevaa nguo ya buluu nzito iliyong'aa na mkufu wa fedha mnene shingoni. Alikuwa mwimbaji na mwalimu wa nyimbo. Wa pili alikuwa mkalimani, Bwana Chen, ambaye Kiswahili alikuwa amekijifunzia darasani na kukisafisha Dar es Salaam. Alinisalimia "Shikamoo mzee" nikiwa na miaka thelathini na tano. Halafu akaniita "ndugu Wekesa" mbele ya watu, kama tuko Tanzania, na madereva waliokuwa pale nje wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Ijumaa mchana walikuja ukumbini kunikabidhi filamu. Ilikuwa magurudumu mawili ndani ya sanduku la mbao lililofungwa kwa kamba. Bi Lan hakuniachia sanduku. Aliliweka mezani, akaweka mkono juu yake, akaongea, na Bwana Chen akatafsiri.

"Ndugu, picha zilipigwa na kikundi cha wilaya. Kuna nakala nyingine kule, lakini katika hizo msimulizi anazungumza juu ya nyimbo. Katika nakala hii hakuna msimulizi. Sauti yote alirekodi Bi Lan mwenyewe kijijini. Nakala kama hii ni moja tu."

"Hakuna shida," nikasema. Vijana, kila mara mkisikia neno hilo linataka kuwatoka mdomoni, limezeni.

Pale ukumbini alikuwepo Mama Njeri, fundi wa kushona aliyekuwa na kibanda karibu na barabara ya Jogoo, kiongozi wa kwaya ya akina mama wa Mbotela. Alikuwa amekuja kupima madirisha, maana mchana ukumbi ule ulijaa jua na tulikuwa tunaziba madirisha kwa mablanketi ya akina mama. Akauliza filamu inahusu nini. Bwana Chen akaeleza.

Kwa Wadong, wageni wa kijiji jirani wakija kwa sherehe, wenyeji hawawapokei hivi hivi. Wanaziba njia kwenye lango la kijiji. Wanaweka benchi, tita la matawi, ufagio, tenga la kuku, chochote. Halafu wanaimba: leo hakuingiliki, kijiji kina mwiko, rudini mlikotoka. Wageni nao lazima wajibu kwa wimbo. Ubeti mmoja ukijibiwa vizuri, kitu kimoja kinaondolewa. Ubeti wa benchi unaondoa benchi, ubeti wa ufagio unaondoa ufagio. Usipojibu, unabaki barabarani.

"Haiya!" Mama Njeri akaachia tepu yake ya kupimia. "Si hiyo ni ya kwetu! Mkienda ruracio, kupeleka mahari, akina mama wa huko wanafunga geti. Mnaimba na mnaimba, na wao wanawaambia hamjaimba kitu. Mimi nimewahi kusimama kwa geti na kiatu cha visigino mpaka nikavua. Muulize huyu mama, kwao wanafungiwa muda gani?"

Bi Lan aliposikia tafsiri alicheka kwa mara ya kwanza. Akasema filamu ilimwonyesha kiongozi wa wageni akijibu beti nne, na kiongozi huyo alikuwa mama yake mzazi.

Wakaenda kunywa chai kwenye hoteli ya kando, wakaniacha nijaribu mashine. Mashine ilikaa kwenye stoo ndogo nyuma ya ukumbi na kurusha picha kupitia tundu la ukutani, ili kelele zake zisisikike. Nilikuwa na haraka. Nilitaka tu kupima sauti, basi nikachukua gurudumu la pili, nikalivuta mpaka katikati, nikalipitisha kwenye mashine, nikawasha. Mikono yangu haikuingia mfukoni hata sekunde moja.

Picha ikatoka safi. Njia ya mawe, lango la mbao, ajuza mfupi mbele ya kundi la wageni, mdomo wazi, anaimba. Sauti hakuna.

Nikadhani ni valvu. Mashine zetu za zamani zilikuwa na valvu ambazo lazima zipate moto ndipo sauti itoke, na mtu akizoea kitu, akili hulala. Nikasubiri. Nikaongeza sauti, nikagonga ubavu wa mashine kwa kiganja, nikatikisa waya wa spika. Ajuza anaimba, mimi nasubiri. Halafu jicho likashuka, likaona njiti ya kiberiti, mahali pale pale nilipoichomeka siku tatu kabla.

Nilizima mashine kwa ngumi. Nikakaa chini sakafuni. Nilijua kilichotokea kabla sijahakikisha, lakini nikainuka, nikang'oa njiti, nikarudisha filamu nyuma na kusikiliza. Ubeti wa benchi, upo. Wa matawi, upo, sauti ya ajuza yule juu, nyembamba, na sauti za wenzake chini zikiibeba bila kukatika. Wa ufagio, upo. Halafu mchakacho mtupu, kama mtu anayemimina mchele taratibu, kwa muda wa dakika nzima. Lilipokuwa linanyanyuliwa tenga la kuku, sauti ikarudi ghafla na nikamsikia ajuza akicheka. Kicheko kifupi cha mtu aliyeshinda. Ubeti wa nne haukuwepo duniani.

Mlango ukafunguliwa. Bi Lan alikuwa ameniletea kikombe cha chai, amekishika kwa mikono miwili. Bwana Chen nyuma yake akauliza, "Vipi, ndugu, sauti ni njema?"

"Iko sawa," nikasema.

Nimewahi kusema uongo mwingine maishani, lakini huo ndio ninaouonea aibu. Nilikunywa ile chai yote mbele yake, na nikashukuru.

Asubuhi ya Jumamosi nilikwenda kwa Mzee Kilonzo. Alikuwa anaishi hapo hapo Mbotela, nyumba za safu, na nilimkuta nje amefungua redio ya jirani na kutandaza vyuma vyake kwenye gazeti. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunipiga konzi, na hilo likanitisha zaidi.

"Umewaambia?"

"Bado, mzee."

"Sasa umekuja kwangu kufanya nini? Hiyo filamu ni yangu?"

"Nilitaka ushauri."

"Ushauri wa kuficha ama wa kusema? Wa kuficha sina." Akarudi kwenye redio yake. Nilipofika kwenye kona akaniita. "Wekesa! Na usiseme mashine iliharibika. Mashine ilifanya vile uliiambia."

Nikawakuta ukumbini saa nne. Akina mama wa kwaya walikuwa juu ya mabenchi wakipigilia mablanketi. Nikamwomba Bwana Chen na Bi Lan waje stoo, nikafunga mlango, nikaeleza. Bwana Chen akasogea karibu na Bi Lan. Kisha akaanza kutafsiri, na nikaona anaongea maneno machache mno.

"Umemwambia ni mimi?"

"Nimemwambia kuna hitilafu, ndugu."

"Hapana. Mwambie ni mimi. Mwambie nilifuta." Nikaitoa ile njiti mfukoni, nikaiweka kwenye kiganja cha Bi Lan, nikamwonyesha kitufe na jinsi nilivyokuwa nimekibana.

Aliigeuza njiti kati ya vidole viwili. Sikuona hasira usoni mwake, na ningeitaka hasira. Akauliza kitu kifupi.

"Anauliza ni ubeti gani," Bwana Chen akasema.

"Wa tenga la kuku. Wote."

Bi Lan akaketi juu ya sanduku lake. Aliposema tena, alikuwa anaongea kwa upole, akiangalia ukuta, na Bwana Chen akanitafsiria.

"Anasema, mama yake alifariki majira ya baridi yaliyopita. Anasema, kama ubeti haukuimbwa, tenga haliondolewi. Kwa hiyo mama yake bado amesimama barabarani."

Vijana wangu, nililia. Sikutoa sauti, lakini nililia, na mtu mzima wa Kibukusu akilia mbele ya wageni ujue mambo yameharibika.

Kilichonijia baadaye hakikuwa akili nyingi. Kilikuwa tu kile kile kitufe. Mashine iliyofuta inaweza kurekodi. Ile dakika ilikuwa tupu, lakini ukanda ulikuwepo, na midomo ya mama yake ilikuwa bado inaimba kwenye picha. Nikasema Bi Lan anaweza kuuimba ubeti ule akimwangalia mama yake, na sauti ikakaa mahali pake. Bwana Chen akatafsiri. Bi Lan akauliza kama tungeweza kujaribu kwanza.

"Kuimba mnaweza kujaribu mara mia," nikasema. "Kubonyeza, mara moja. Kila nikibonyeza nafuta."

Nikamweleza na hatari, maana sikutaka tena kumficha kitu. Ndani ya mashine kuna vyuma viwili vinavyogusa ukanda, tunaviita vichwa, na kichwa cha kufutia kinatangulia kichwa cha kurekodia. Ukingoja sikio likuambie uachie kitufe, umeshachelewa, umekula kinachofuata. Na kilichofuata ni kile kicheko. Nikichelewa kuachia, ningemfutia mama yake na kicheko pia.

Bi Lan alinirudishia njiti. Akasema, na hili nakumbuka neno kwa neno kama Bwana Chen alivyolitoa: "Anauliza mikono yako inatetemeka kila siku ama ni leo tu."

"Ni leo tu."

"Anasema basi tufanye leo."

Kulikuwa na tatizo jingine. Nyimbo za Wadong haziimbwi na mtu mmoja. Anayeongoza anapanda juu, na chini yake kundi zima linashika sauti moja ndefu isiyokatika. Huyu akipumua, yule anaendelea, wanapokezana pumzi. Bi Lan alikuwa na sauti ya juu. Ya chini hakuwa nayo. Nikafungua mlango wa stoo na kumwita Mama Njeri ashuke kwenye benchi.

Nilimwambia yote, mbele ya kwaya yake. Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Baba Nafula. Na hiyo filamu ya maji ya mtaro haikukutosha?"

"Mama Njeri, niokoe."

"Si wewe naokoa. Naokoa huyu mama amefungiwa geti." Akageuka. "Wangari, Mama Otis, shukeni hapo juu. Wacheni hizo blanketi. Kuna mtu ako nje."

Walikuwa kumi na moja. Bi Lan aliwapanga nusu duara, akawashika mbavu mmoja mmoja kuwaonyesha pumzi inakokaa. Nyimbo zao hazina maandishi, zinatoka mdomo hadi mdomo, na ndivyo alivyowafundisha: anaimba, wanarudisha, anatikisa kichwa, wanarudisha. Mwanzoni walitoa sauti kubwa ya kanisani, yenye mtetemo mzuri, na Bi Lan akakataa. Alitaka sauti nyoofu. Mama Otis akalalamika kwamba hiyo ni sauti ya friji. Lakini kufikia saa sita waliipata, na nilipoisikia kutoka stoo nilitoa kichwa mlangoni kuhakikisha ni wao.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Nilitazama picha ile bila sauti mara ishirini, mikono mfukoni, nikitafuta alama. Sikutaka kuhesabu sekunde, maana mtu mwenye hofu huhesabu haraka. Nilitafuta vitendo. Ajuza anafuta mdomo kwa ncha ya aproni yake, hapo nabonyeza. Mwenyeji anashika kishikio cha tenga, vidole vyake vinafunga, hapo naachia. Nikingoja tenga liinuke, nimechelewa.

Saa saba na nusu mablanketi yote yalikuwa madirishani na watu walikuwa wamejaa nje. Tulikuwa tumefunga milango. Wakaanza kugonga. Kwanza kwa vidole, kisha kwa viganja, na mabati ya mlango yakawa yanalia ukumbi mzima. Kwenye maikrofoni kelele ile yote ingeingia. Bwana mkubwa mmoja kutoka ofisini alikuwa nje pia, namsikia akiita majina yangu yote matatu.

Mama Njeri akatoka kwenye mstari wake, akafungua mlango kiasi cha kichwa. "Niaje nyinyi! Hatufungui."

"Mama, tumeambiwa saa nane!"

"Saa nane haijafika. Kuna mtu ndani anaimba kufunguliwa, na hawezi kufunguliwa kama mnapiga makelele. Nipeni dakika mbili za kunyamaza. Mwenye atakohoa nitamjua."

Sijui aliwaangalia vipi, lakini Mbotela ilinyamaza. Akarudi mbio mahali pake. Bwana Chen alishika maikrofoni kwa mikono miwili, mbali na mwili ili nguo zisichakache. Nikaweka spika za masikio, nikaweka jicho kwenye tundu la ukuta, nikawasha mashine.

Benchi likaondolewa. Matawi yakaondolewa. Ufagio ukaondolewa. Sauti ya ajuza ilinijaa masikioni, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, kidole chenyewe, bila njiti. Ajuza akakamata ncha ya aproni. Akapeleka mdomoni. Nikabonyeza.

Bi Lan akaimba. Alikuwa amesimama chini ya turubai, uso wake juu, karibu kabisa na uso wa mama yake, na midomo yao ilifunguka pamoja. Chini yake wale akina mama kumi na moja waliishika sauti ile bila kuikata. Nilitaka kufunga macho na sikuweza, nilikuwa nahitaji vidole vya mwenyeji. Jasho liliingia kwenye jicho langu moja, nikalibana, nikatazama kwa lile jingine. Ubeti ukapanda, ukashuka, ukafika mwisho. Mwenyeji akainama kwenye tenga.

Na hapo, vijana, akina mama wa Mbotela wakapiga vigelegele.

Hakuna aliyewaambia. Hakuna aliyepanga. Kwetu geti likianza kufunguliwa mwanamke hawezi kujizuia, na Mama Njeri mwenyewe ndiye aliyeanza. Sauti ilinipasua masikio. Kidole karibu kiruke. Vidole vya mwenyeji vilikuwa vinafunga kwenye kishikio cha tenga, vinafunga, vimefunga. Nikaachia.

Sikusikia kilichofuata. Nje walisikia vigelegele wakadhani ndiyo ruhusa, wakasukuma milango, watu mia kadhaa wakaingia wakikimbilia mabenchi, na kelele zao zilifunika kila kitu. Nikazima. Bwana mkubwa alikuwa mlangoni mwa stoo akiuliza mbona sijaanza. Hapakuwa na nafasi ya kurudia na kusikiliza. Nikarudisha gurudumu la pili mwanzo, nikaweka la kwanza, na kwa muda wote wa gurudumu la kwanza sikuona picha hata moja. Kupitia tundu niliona tu kisogo cha Bi Lan kwenye benchi la mbele, na Mama Njeri kando yake amefunika mdomo kwa mkono. Alijua alichofanya.

Nikaweka gurudumu la pili. Nikatia mikono mfukoni, nikaangalia kushoto hadi kulia, nikawasha.

Watu walielewa lango bila kuelezwa. Benchi lilipoondolewa wakapiga makofi. Matawi yalipoondolewa mzee mmoja akapaza sauti, "Bado hawajaimba vizuri, wazuie!" na ukumbi ukacheka. Ufagio ukatoka. Ajuza akafuta mdomo kwa aproni, akaufungua, na sauti ya bintiye ikatoka, pamoja na sauti ya chini ya Mbotela. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyeshangaa. Iliingia pale kama iliyokuwepo siku zote.

Mwenyeji akainama kwenye tenga. Vigelegele vikatoka kwenye spika. Halafu vikakatika, na pakawa na kimya. Kilikuwa kimya kifupi, sekunde hata haikufika, lakini ndani yake nilijiona nikiwa nimemfuta yule mama mara ya pili.

Ajuza akacheka.

Alicheka kicheko chake kizima, kichwa nyuma, na kwa sababu vigelegele vilikuwa vimetangulia, ukumbi wote uliona kitu kimoja: kwamba amewasikia akina mama wa Mbotela, na ndio waliomchekesha. Tenga likainuka. Wageni wakapita.

Bi Lan alisimama katikati ya watu. Hakuangalia turubai. Aligeuka nyuma, akalitafuta lile tundu la ukutani nilikokuwa nimebandika jicho, akasema kitu, na Bwana Chen hakungoja kufika stoo. Alipaza sauti juu ya vichwa vya watu, kwa Kiswahili chake cha Dar es Salaam.

"Ndugu Wekesa! Anasema mama ameingia!"